“Haijajibu” Si “Imeshindikana”: Msamiati wa Muunganisho wa Mtandao na Kikomo cha Muda

Programu inapoomba jibu kwa seva na jibu lisifike kwa wakati, mtumiaji huoneshwa ujumbe mfupi. Kwa Kiswahili ujumbe huo huandikwa kwa namna nyingi: “muda umekwisha”, “muunganisho umeshindwa”, “mfumo uko chini”, “muamala umeshindikana”. Wafasiri wengi huzichukua kauli hizi kana kwamba ni visawe, wakachagua ile iliyo fupi ili itoshe kwenye kioo cha simu. Si visawe. Kila moja inadai jambo tofauti kuhusu kilichotokea, na baadhi yake hudai jambo ambalo programu yenyewe hailijui.

Mahali pazuri pa kuipima tofauti hiyo ni Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapa ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapoingia Zambia, na malori yaendayo Zambia na kusini mwa Kongo hupita kwa wingi. Tangu Oktoba 2019, ulipozinduliwa rasmi utaratibu wa kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kati ya Tunduma na Nakonde, shehena hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Nyaraka husafiri mtandaoni kabla ya lori kusogea. Upande wa Tanzania, mfumo wa forodha umekuwa TANCIS. Upande wa Zambia, ASYCUDA World, programu inayotokana na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD. Wakala wa forodha, dereva na mfanyabiashara husoma ujumbe wa kompyuta na simu kutwa nzima, wengi wao wakiwa na Kinyamwanga, Kinyiha au Kibemba kama lugha ya kwanza. Kwao neno lisilo sahihi linaweza kugharimu fedha.

Muunganisho, muungano, muunganiko

Kitenzi *unga* kimezaa ukoo mkubwa. *Ungana* ni kuwa kitu kimoja, na nomino yake *muungano* imekwishashikwa na siasa: msomaji wa Tanzania akiona “Muungano” hufikiria kwanza Tanganyika na Zanzibar, 1964. *Unganika* hueleza hali ya kuweza au kufikia kuungana, na kwayo hupatikana *muunganiko*. *Unganisha* ni kusababisha vitu viwili viungane, na nomino yake ni *muunganisho*, wingi *miunganisho*.

Kwa mawasiliano ya kompyuta, *muunganisho* ndilo linalofaa, kwa sababu kompyuta mbili haziungani zenyewe. Programu moja huanzisha tendo na nyingine hulipokea. *Kiungo* libaki kwa anwani inayobonyezwa ili kufungua ukurasa, na *kiunganishi* libaki kwa wanasarufi.

Hapa pia panafaa kutajwa kauli ya “mtandao uko chini”. Imezoeleka maofisini, lakini ni kivuli cha lugha nyingine. Kwa Kiswahili kitu kilicho chini kimeanguka au kimewekwa chini. Wazungumzaji wana kauli zao zilizokomaa: *mtandao haupatikani*, *mtandao umekatika*, *mtandao unasumbua*. Ya tatu ina thamani ya pekee, kwa kuwa hueleza hali ambayo si ya kuwapo wala ya kutokuwapo: mawasiliano yanapita, lakini kwa taabu. Hiyo ndiyo hali inayozaa matatizo mengi ya kikomo cha muda.

Hodi na jibu lake

Muunganisho wa kawaida wa intaneti hufuata itifaki ya TCP, iliyowekwa katika maandishi rasmi mwaka 1981 na kuhaririwa upya mwaka 2022. Kabla ya data yoyote kupita, hatua tatu hutangulia. Programu ya mteja hutuma pakiti ya kuomba kuunganishwa. Seva hujibu kwa pakiti ya kukubali. Mteja hutuma pakiti ya kuthibitisha kwamba kukubaliwa kwake kumemfikia. Anayeifundisha itifaki hii kwa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano: mgeni hupiga hodi, mwenyeji huitikia karibu, mgeni huitikia na kuingia.

Mfano huu unafaa zaidi pale mambo yanapokwenda vibaya. Hodi inaweza kupata jibu la kukataa: yupo anayesikia, naye anasema huduma inayotafutwa haipo hapa. Katika lugha ya Python hali hii ina jina lake, ConnectionRefusedError, na hutokea kwa kawaida pale kompyuta inapopatikana lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango ulioombwa. Hilo ni jibu kamili, nalo huja upesi.

Hodi inaweza pia kupata kimya, na kimya hakijieleze. Huenda nyumba haina mtu. Huenda mwenyeji yuko uani na shughuli nyingi. Huenda hodi yenyewe haikusikika. Huenda pia mwenyeji aliitikia, na ni karibu yake ambayo haikufika nje. Anayesimama mlangoni hana namna ya kuzitofautisha hali hizi nne kwa kusikiliza tu. Mila imempa njia ya kutoka: hodi hupigwa mara tatu, na isipoitikiwa mgeni huondoka. Akiulizwa baadaye, hasemi kwamba amefukuzwa. Husema, “Nimepiga hodi, sikuitikiwa.”

Kompyuta nayo hurudia hodi. Kwa miaka mingi mfumo endeshi wa Linux umekuwa ukirudia pakiti ya kwanza mara 6, ukisubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, 16, 32 na mwisho 64. Jumla ni sekunde 127, yaani zaidi ya dakika mbili, kabla ya kukata tamaa. Kwa mtu aliye dirishani huku foleni ikiwa nyuma yake, hizo ni dakika ndefu mno. Ndiyo maana mwandishi wa programu huweka kikomo chake mwenyewe kilicho kifupi zaidi.

Kikomo, ukomo, makataa

Kitenzi *koma* hutoa nomino mbili zinazochanganywa. *Ukomo* ni hali ya kufikia mwisho, kama katika “ukomo wa madaraka”. *Kikomo* ni mpaka wenyewe, mahali pa kusimama. Idadi ya sekunde ambayo programu imepangiwa kusubiri ni mpaka, hivyo huitwa *kikomo cha muda wa kusubiri*, au kwa kifupi *kikomo cha muda*. Tukio la kufikia mpaka huo huelezwa kwa kitenzi: *muda wa kusubiri umekwisha*.

Maneno “wa kusubiri” yasiachwe ovyo katika ujumbe kwa mtumiaji. Tanzania, salio la simu huitwa pia “muda wa maongezi”, na vifurushi vya intaneti navyo huisha muda wake. Anayesoma “Muda umekwisha” peke yake anaweza kwenda kununua vocha ilhali salio lake lipo.

Katika Python, soketi mpya haina kikomo chochote isipokuwa programu imeiwekea. Ikiachwa hivyo, inaweza kusubiri data bila mwisho. Maktaba maarufu ya Requests nayo haiweki kikomo kwa niaba ya mwandishi. Kikomo kinapowekwa na kufikiwa, Python hutoa kosa liitwalo TimeoutError. Tangu toleo la 3.10, jina la zamani la kosa hilo katika moduli ya soketi limekuwa jina jingine la kitu hicho hicho. Requests, kwa upande wake, huruhusu vikomo viwili tofauti: *kikomo cha kuunganisha*, yaani muda wa kusubiri hodi iitikiwe, na *kikomo cha kusoma*, yaani muda wa kusubiri seva iseme neno baada ya mgeni kuingia.

Kikomo cha kusoma hueleweka vibaya mara nyingi. Hakihesabu kazi nzima. Huhesabu kimya kati ya kipande kimoja cha data na kinachofuata. Seva inayotuma kipande kidogo kila baada ya sekunde 4 haitavuka kikomo cha sekunde 5, hata kama faili zima litachukua nusu saa. Kwa hiyo “kikomo cha kusoma” kisifasiriwe kuwa “muda wa juu wa kupakua”. Anayetaka mpaka wa kazi nzima anahitaji kitu kingine, na Kiswahili kina neno lake. Magazeti ya Kenya yamelizoesha neno *makataa* kwa mwisho uliowekwa ambao hausogezwi, na linafaa sana kwa mpaka wa kazi nzima.

Kwa nini sekunde?

Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kikomo huwekwa kwa sababu ya umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa kila elfu moja ya sekunde, hivyo kwenda na kurudi kwa njia ya urefu huo huchukua karibu sehemu 10 za elfu moja ya sekunde. Wakati mawasiliano ya nje yalipotegemea setilaiti zilizo juu ya ikweta kwa kilomita karibu 36,000, ombi na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde. Nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaofika hadi nchi jirani, Zambia ikiwamo, vimeondoa sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo.

Kinachobaki ni foleni. Pakiti husubiri kwenye vifaa vilivyoelemewa, mnara wa simu huhudumia watu wengi kwa mara moja, pakiti iliyopotea hutumwa upya, na seva yenyewe huwa na maombi mengi mbele. Dereva wa Tunduma hahitaji kufafanuliwa jambo hili: lori likichelewa mpakani, mara nyingi urefu wa barabara haukuwa sababu. Mwandishi wa programu naye huchagua kikomo kwa kupima foleni, yaani kwa kutazama majibu ya kawaida huchukua muda gani, kisha kuongeza nafasi ya siku mbaya. Kikomo kifupi mno hukatisha kazi zilizokuwa karibu kukamilika. Kirefu mno humwacha mtu akitazama duara linalozunguka.

Muda na wakati: saa moja kati ya Tunduma na Nakonde

*Muda* ni kipimo cha urefu: sekunde 5, siku tatu. *Wakati* ni mahali fulani katika mfuatano wa matukio. *Saa* limebeba mengi: kifaa, dakika 60, na jina la wakati wa siku. Katika mazungumzo muktadha huokoa. Katika programu hauokoi.

Tunduma na Nakonde zimeshikana, lakini saa zao hazifanani. Tanzania iko saa 3 mbele ya wakati wa dunia, Zambia saa 2. Saa nne asubuhi Tunduma ni saa tatu asubuhi Nakonde. Simu iliyoruhusiwa kupanga saa yake kwa kufuata mtandao, ikinasa mnara wa upande wa pili, inaweza kurudi nyuma kwa saa nzima mfukoni mwa mtu ambaye hajavuka mpaka.

Programu inayopima kusubiri kwa kutoa saa ya ukutani ya mwanzo kutoka katika saa ya ukutani ya mwisho itaharibika hapo: itaona kwamba imesubiri dakika sitini zisizokuwapo, au kwamba jibu limefika kabla ya ombi. Dawa inajulikana. Muda hupimwa kwa saa ya ndani ya kompyuta isiyorudi nyuma, ambayo Python huitoa kwa jina la monotonic, na wakati wa tukio huandikwa kwa saa ya dunia badala ya saa ya mahali.

Lugha ya Go imeitia tofauti hii katika majina yake: WithTimeout hupokea muda, WithDeadline hupokea wakati. Mfasiri wa maelezo ya Go anayeyaita yote mawili “kikomo” ataificha tofauti iliyokusudiwa. “Kikomo cha muda” na “makataa” vinaitunza. Kanuni ni rahisi kukumbuka: kikomo hujibu swali “kwa kitambo gani?”, makataa hujibu swali “mpaka lini?”.

Haijajibu, haikujibu, imekataa

Chukua mfano wa kubuni. Wakala wa forodha aliyeko Tunduma analipia tozo ya lori kwa simu. Programu imewekewa kikomo cha sekunde 10. Ombi linafika kwenye seva, malipo yanaandikwa, lakini jibu linakwama njiani kwa sababu mtandao unasumbua. Sekunde ya kumi inafika na kioo kinaandika: “Muamala umeshindikana.” Wakala analipa tena. Sasa fedha zimetoka mara mbili, na kufuatilia marejesho kutachukua siku kadhaa. Programu haikuwa na hitilafu ya hesabu. Ilisema uongo, na uongo ulikuwa katika kitenzi.

*Kushindikana* ni hukumu: jambo lilijaribiwa na halikuwezekana. Programu haikuwa na ushahidi wa hukumu hiyo. Ilichokijua ni kwamba imesubiri sekunde 10 na haijasikia kitu. Kiswahili kina umbo la kitenzi lililoumbwa kwa hali hii hasa, ukanushi wa -ja-:

*Seva haijajibu.* Hadi sasa jibu halijafika, na linaweza kufika. Mlango wa jambo uko wazi.

*Seva haikujibu.* Jambo limefungwa katika wakati uliopita. Msemaji anadai kwamba jibu halikutolewa.

*Seva haijibu.* Ni hali ya sasa inayoendelea, aghalabu baada ya majaribio kadhaa.

*Seva imekataa ombi.* Jibu limefika, nalo ni la kukataa.

Lugha nyingi huhitaji neno la ziada ili kusema kile ambacho -ja- inakisema ndani ya kitenzi. Mfasiri anayefuata neno kwa neno huipoteza faida hiyo, kwa kuwa matini asilia mara nyingi hutumia wakati uliopita tu, naye huandika “haikujibu” au “imeshindikana” bila kujiuliza. Baada ya kikomo kufikiwa, umbo la kweli ni “haijajibu”.

Uangalifu huo huo unahitajika muunganisho unapovunjika katikati. *Umekatika* ni kauli ya kutendeka: umevunjika, bila kumtaja aliyefanya. Hufaa mtandao unapopotea. *Umekatwa* ni kauli ya kutendwa: kuna mtendaji. Hufaa pale upande wa pili unapotuma pakiti ya kuuvunja muunganisho ghafla, hali ambayo Python huiita ConnectionResetError. *Umefungwa* hufaa pale pande mbili zinapoagana kwa utaratibu. Viambishi viwili vya kawaida, -ik- na -w-, vinamwelekeza fundi pa kuanzia kutafuta: njiani au kwenye seva.

Kurudia ombi bila kurudia tendo

Kikomo kinapofikiwa, hatua ya kawaida ni kurudia ombi. Kwa maombi ya kusoma tu, kama kuuliza hali ya nyaraka, kurudia hakudhuru. Kwa maombi yanayobadili kitu, kama malipo, ni lazima seva iweze kutambua kwamba ombi la pili ni lile lile la kwanza. Njia ya kawaida ni kulipa kila ombi namba ya kumbukumbu ya pekee na kuituma namba hiyo hiyo kila linaporudiwa. Seva ikiiona mara ya pili, hurudisha jibu la mwanzo badala ya kutenda upya.

Katika maelezo kwa watumiaji, *kurudia ombi* na *kulipa tena* visibadilishane. La kwanza ni kuuliza jambo lile lile. La pili ni kutenda jambo jipya. Kitufe kilichoandikwa “Jaribu tena” bila kueleza ni kipi kati ya hayo mawili kinamwachia mtumiaji hatari ambayo mwandishi wa programu alipaswa kuibeba.

Matumizi yanayopendekezwa

Kwa mpaka wa sekunde uliowekwa: *kikomo cha muda wa kusubiri*. Kisitumike “muda kuisha” kama jina la mpaka. Hilo ni jina la tukio.

Kwa mpaka wa kazi nzima au saa maalumu: *makataa*.

Kwa kimya baada ya kikomo: *Seva haijajibu.* Yasitumike “imeshindikana” wala “imefeli”.

Kwa jibu la kukataa: *Seva imekataa muunganisho* au *imekataa ombi*, kulingana na kilichokataliwa.

Kwa kuvunjika kwa mawasiliano: *umekatika* pasipojulikana mtendaji, *umekatwa* anapojulikana.

Kwa malipo ambayo jibu lake halijafika, ujumbe useme kile tu programu inachokijua, kisha umwongoze mtumiaji: “Hatujapata jibu kuhusu malipo yako. Huenda yamepokelewa. Tafadhali hakiki kwa namba ya kumbukumbu kabla ya kulipa tena.” Sentensi hizi tatu ni ndefu kuliko “Muamala umeshindikana”, na kioo cha simu kina nafasi ya kuzibeba. Mwalimu anayezitumia darasani anaweza kuwaomba wanafunzi wabadilishe -ja- iwe -ku- katika sentensi ya kwanza, kisha waeleze wakala wa Tunduma angefanya nini baada ya kuusoma ujumbe huo.